Maswali Mnayoniuliza Mara kwa Mara Kuhusu Vitabu Vyangu

Barua zenu nazisoma zote. Nyingi hufika zikiwa ndani ya bahasha moja kubwa, darasa zima, mwalimu amezifunga pamoja kwa mpira. Kwa kuwa wengi mnauliza yale yale, nimeyakusanya hapa. Pengine nimejibu kwa urefu kuliko mlivyotarajia, lakini kuna maswali ambayo jibu fupi lingekuwa kuyakwepa tu.

Ulianza kuandika lini?

Nikiwa kidato cha pili, ingawa sikujua kwamba kazi ile ina jina. Nilisoma shule ya bweni ya wasichana. Kila baada ya mashindano ya drama au michezo na shule za wavulana, barua zilianza kupita. Msichana aliyelala kitanda cha juu yangu aliniomba nimwandikie jibu kwa sababu insha zangu zilikuwa zikisomwa mbele ya darasa. Akanilipa nusu mkate. Aliyekaa bwenini anajua kwamba mkate kule ni pesa. Muhula ulipokaribia kuisha nilikuwa nikiandikia wasichana saba.

Kabla ya kuandika nilikuwa nauliza swali moja tu: "Unataka ajue nini?" Wengi walinyamaza kwanza. Kisha wakasema mambo yasiyohusiana na mapenzi hata kidogo. Mmoja alisema kiwanda cha sukari alichofanya kazi babake kimesimama, na hajui kama atarudi muhula ujao. Mwingine alikiri kwamba mvulana mwenyewe hampendi sana. Alitaka tu jina lake liitwe siku barua zinapogawiwa. Hapo ndipo nilipojifunza kazi ninayoifanya hadi leo. Mtu anakujia na neno moja mkononi, na lingine amelificha chini ya ulimi. Hilo la pili ndilo la kuandika.

Baadaye nilifundisha Kiswahili kwa miaka kadhaa. Riwaya ya kwanza niliiandika kwenye madaftari ya kurasa 96, usiku nikiwa zamu ya prepu, masomo ya jioni bwenini.

Kisa cha Msichana wa Sanduku ni cha kweli?

Sanduku ni la kweli. Msichana ni wa kubuni.

Januari moja nilikwenda soko la Kibuye, Kisumu, kutafuta meza, nikapita kwa mafundi wa masanduku ya bati. Wiki ya kuripoti kidato cha kwanza mafundi hao walikuwa hawapumziki. Nyundo zililia tangu asubuhi. Mama mmoja alikuwa ameleta sanduku kuukuu alilopewa na jamaa, linyooshwe pembe na lipakwe rangi upya. Fundi akalipaka samawati, likakaa juani, kisha akachukua brashi nyembamba na kuanza kuandika jina la binti kwa rangi nyeupe. Lakini ile samawati ilikuwa imepakwa mara moja tu, nyepesi, na jina la mwenye sanduku wa kwanza lilikuwa bado linasomeka chini yake. Binti alisimama kando, kamusi mpya ameikumbatia kifuani, akilitazama lile jina la chini. Fundi alipomuuliza kama herufi zimekaa vizuri, akaitikia, "Ziko sawa," na jina lake mwenyewe alikuwa hajaliangalia.

Nilirudi nyumbani bila meza. Yule wa kwanza alikuwa nani? Alifika kidato cha ngapi? Kwa nini sanduku lilirudi kabla ya yeye kulichoka? Riwaya yote imetokana na maswali hayo matatu.

Wengi huniuliza pia kama nimetumia siri za wanafunzi wangu. Hapana. Nikiwa mwalimu wa zamu niliambiwa mambo mengi gizani, na walioyasema waliniambia mimi, hawakuwaambia wasomaji. Ninachokichukua kwa watu halisi ni vitu vidogo visivyo na mwenyewe: jinsi mtu anavyovaa ufunguo wa kufuli shingoni kwa uzi wa kiatu, jinsi mwanafunzi mgeni anavyokula haraka akitazama mlango.

Kwa nini vitabu vyako haviishii na funzo?

Hili huulizwa zaidi na walimu, na nafurahi wanaponiuliza badala ya kununa.

Tumelelewa na insha ya mtihani. Methali inawekwa juu, kisa kinapita katikati, methali inarudi chini: ama kweli, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwa insha ya alama 20 ni sawa, mtahini anataka kuona kwamba umeelewa swali. Riwaya ina msomaji, haina mtahini.

Na kuna jambo linaloniuma zaidi ya hilo. Wahesabu wasichana waliokosea katika hadithi ulizopewa shuleni, kisha uniambie wangapi wako hai ukurasa wa mwisho. Mmoja anafia kwenye chumba cha nyuma cha mkunga, mwingine anatupwa barabarani, wa tatu anarudi kijijini kwao kufa polepole huku mama akilia. Mvulana aliyempa mimba anaishia sura ya 4 na hatumsikii tena. Nikiwa mwanafunzi niliwazika wasichana wengi wa kubuni kwa namna hiyo. Nilipoanza kuandika nilijiwekea sharti kwamba anayekosea kwenye vitabu vyangu atapata kesho yake, hata kama ni kesho ngumu.

Kijana wa miaka 15 anajua anapohubiriwa. Anaijua sauti ile kama kifaranga anavyokijua kivuli cha mwewe, na anajificha pale pale. Akijificha, hata lile la maana ulilotaka kumwambia halimfikii.

Sisi watu wazima tuna neno letu, "hayo yatapita." Yatapita, ndiyo. Lakini yeye anakisoma kitabu kabla hayajapita. Aliyeachwa nje ya kundi la marafiki wiki hii hana wiki nyingine ya kulinganisha nayo. Hii ndiyo aliyo nayo. Naandika nikiwa ndani ya wiki hiyo, na sitaki kusimama mbali nikimpungia mkono.

Wewe ni Mjaluo wa Kisumu. Mbona Kiswahili, na si Kiingereza au Dholuo?

Nyumbani tuliongea Dholuo. Kiswahili nilikutana nacho kwanza mtaani Kondele, kwa makanga na wauza mitumba, kisha darasani nikakutana na kingine, cha ngeli na vitendawili. Dholuo tukaikuta imepigwa marufuku: aliyeisema alivishwa kibao shingoni, naye alitembea nacho hadi amnase mwingine. Kwa hiyo nilikua nikiamini kwamba kila lugha ina chumba chake na milango haifunguliwi.

Vitabu vya Kiswahili nilivyovikuta maktaba nilivipenda mno. Vilikuwa na Mombasa, Tanga na Unguja. Niliijua harufu ya karafuu kwa kusoma kabla sijaishika karafuu mkononi. Ila harufu ya omena, dagaa wa ziwa letu, inayoanikwa, niliyoinusa kila jioni, sikuikuta ukurasa wowote. Nikadhani Kiswahili hakina nafasi yake. Kumbe nafasi ilikuwepo, ila hakuna aliyekuwa ameiweka harufu hiyo pale.

Ndiyo maana naandika kwa Kiswahili, na ndiyo maana wahusika wangu wanasema Dholuo pale ambapo mtu angeisema kweli: bibi akimwita mjukuu, mama akishtuka, watu wakiomboleza. Siweki tafsiri kando. Msomaji wa Kakamega au Lamu ataelewa kutokana na kinachotendeka, na asipoelewa neno moja hajapungukiwa. Mimi pia sikuelewa maneno yote ya Unguja na bado nililia nilipofika mwisho.

Kiingereza sina ugomvi nacho. Nina marafiki wanaowaandikia vijana kwa Kiingereza na vitabu vyao ni vizuri. Lakini wasichana saba wa bwenini, waliponiambia lile la chini ya ulimi, hawakulisema kwa Kiingereza.

Na Sheng je?

Lugha hiyo ya vijana wa mitaani naitumia kwa tahadhari. Chapaa, doo, ganji, mkwanja: yote ni pesa, na kila moja linataja umri wa anayelisema. Ukijaza riwaya Sheng ya mwaka huu, baada ya miaka mitano wahusika wako watakuwa wanaongea kama wajomba zao. Tena Sheng si moja. Kijana wa Manyatta, hapa Kisumu, ana "omera" yake ya Dholuo katikati ya sentensi, wa Nairobi hana.

Ninachofanya ni kuwapa vijana wawili mazungumzo wayasome kwa sauti, kila mmoja sehemu yake. Mahali ulimi unapokwama, au mmoja anapocheka pasipo kichekesho, naweka alama. Msimulizi wangu anabaki na Kiswahili sanifu, na wahusika nawaacha waseme kama wanavyosema.

Ulifanya utafiti gani kwa kitabu cha mvulana mvuvi?

Niliketi ufuoni Dunga, Kisumu, siku nyingi, na nilikosea kwanza. Kwenye rasimu niliandika mvulana akiingia ziwani na babake kuvua omena, mwezi mpevu, mbalamwezi imetanda juu ya maji. Niliipenda sura ile kuliko zote. Nikawasomea wavuvi ufuoni. Mzee mmoja alisikiliza hadi mwisho akiwa anaziba tundu kwenye wavu, kisha akaniambia kwa upole, "Nyathina, usiku huo sisi tumelala."

Omena huvuliwa gizani. Taa zinazoelea juu ya maji ndizo zinazoivuta ije juu, na giza likiwa nene ndivyo taa inavyokuwa na nguvu. Mwezi ukiwa mpevu mwanga umeenea kila mahali, taa haina cha kuita. Wavuvi huhesabu siku zao kwa mwezi, na mimi niliyekulia kilomita chache kutoka ziwani sikuwa nimejua.

Niliifuta sura yote. Iliyochukua nafasi yake haina mbalamwezi. Mvulana hawezi kuuona uso wa babake. Anamsikia tu akikohoa upande wa pili wa mtumbwi, na kwa kikohozi hicho anatambua kwamba baba anaumwa zaidi ya alivyowaambia nyumbani. Kama kuna ukurasa mmoja nilioandika ambao ningependa ubaki, ni huo, na ni deni langu kwa yule mzee na wavu wake.

Shule yetu imekiondoa kitabu chako maktabani. Kuna ubaya gani ndani yake?

Ni kile cha tatu, cha msichana anayerudi darasani baada ya kujifungua. Najua kuna shule zilizokitoa, na sitazitaja. Mwalimu mmoja aliniambia kitawapa wasichana mawazo.

Wazo lililomo ni hili: nchini Kenya sera ya kuwaruhusu wasichana waliojifungua warudi shuleni imekuwepo tangu 1994, na mwongozo wake ukaandikwa upya mwaka wa 2020. Msichana hafai kukataliwa mlangoni. Wengi hawajui, wazazi wao hawajui, na baadhi ya wanaojua hawasemi. Katika kitabu, msichana anaomba ruhusa ya kutoka katikati ya somo la hisabati kwa sababu sweta imelowa maziwa, na mwalimu anamwambia asubiri kengele. Sikuandika ukurasa huo ili kumpendeza wala kumtisha mtu. Niliandika kwa sababu kuna aliyekaa kwenye dawati hilo akihesabu dakika, na alidhani ni yeye peke yake duniani.

Viboko navyo huulizwa. Adhabu ya viboko iliondolewa shuleni mwaka wa 2001, na bado imo kwenye vitabu vyangu. Itatoka vitabuni siku vijana watakapoacha kuniandikia kuihusu.

Yaliyompata mhusika wako yananipata mimi. Nifanye nini?

Usisubiri barua yangu, mwanangu, itachelewa. Piga 116. Ni nambari ya kuwasaidia watoto, haitozwi pesa, na iko wazi mchana na usiku. Kama hauna simu, mtafute mtu mzima mmoja unayemwamini na useme sentensi moja tu kwanza. Asipokusikia, nenda kwa mwingine. Kutosikizwa na wa kwanza hakumaanishi kwamba umekosea kusema.

Naandika hadithi. Nianzie wapi?

Kama unasoma bweni, una sanduku lenye kufuli. Chagua kitu kimoja kilichomo ambacho hakimo kwenye orodha ya shule. Andika ukurasa mmoja kuhusu jinsi kilivyoingia humo: nani alikupa, alisema nini, alikuwa amesimama wapi. Usieleze jinsi ulivyojihisi. Ukikiona kitu vizuri, hisia itakuja yenyewe.

Kama wewe ni wa kutwa, tumia matatu. Andika kile abiria wa nyuma aliambia simu kati ya Kondele na mjini. Simu ya kabambe, ile ya vitufe, inatosha. Sehemu ya ujumbe usiotumwa imebeba sura nzima za vijana ninaowajua.

Kisha soma, sana. Tawi la maktaba ya kitaifa la Kisumu limenilea kuliko darasa lolote. Na usianze na "Hapo zamani za kale" wala "Ilikuwa siku ya Jumatatu jua likichomoza mashariki." Linachomoza huko kila siku.

Mwandishi hulipwa vipi?

Kwa mrabaha. Mkataba wangu unanipa asilimia 10 ya kile mchapishaji anachopokea, na hicho ni kidogo kuliko bei unayoiona dukani, kwa sababu duka lina fungu lake na serikali ina ushuru wa asilimia 16 juu ya kitabu. Malipo huja mara moja kwa mwaka. Kwa hiyo ndiyo, bado nasahihisha miswada ya watu na kufundisha likizo.

Hapa niruhusuni niseme kilichonipata, maana sitaki kiwapate. Hadithi yangu fupi ya kwanza iliingia kwenye mkusanyiko. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba nilitia saini karatasi mbili bila kuzisoma. Nilipewa malipo ya mara moja, nikanunua viatu. Mkusanyiko ukachapishwa tena na tena, ukasomwa mashuleni, na kila nilipouliza niliambiwa nirudie karatasi. Nikarudia. Kweli, nilikuwa nimeuza haki zote, za maisha. Sheria ya Kenya inalinda kazi ya mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Mimi nilizitoa zote kwa jozi ya viatu. Basi soma kila mstari. Neno "haki zote" likionekana, uliza ni zipi, kwa muda gani, na kama kuna mrabaha. Mchapishaji mwema hakasiriki ukiuliza. Nafanya kazi na mmoja sasa, na alinieleza mkataba aya kwa aya tukinywa chai.

Nimepata kitabu chako kwenye kundi la WhatsApp. Ni vibaya kukisoma?

Wewe uliyekisoma kwa sababu huna pesa, sikulaumu, na nafurahi umekisoma. Naomba tu usikisambaze. Nakala zikipita kimyakimya, mchapishaji anahesabu zilizouzwa na kuona vijana hawasomi Kiswahili, halafu mswada unaofuata, pengine wako, unakosa nafasi. Kitabu kipo maktaba. Ama mchange darasa zima mnunue kimoja kizunguke. Mikunjo na majina kwenye jalada la ndani hunifurahisha kuliko kitabu kipya.

Kitabu chako kitakuwa setibuku lini?

Setibuku, yaani vitabu vya fasihi vinavyotahiniwa shuleni, huamuliwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, si mimi. Ingesaidia mfuko wangu. Lakini nina hofu na kitabu kinachosomwa kwa ajili ya swali la dondoo.

Umeshinda tuzo?

Bado. Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, iliyotolewa mara ya kwanza 1974, ina kitengo cha vijana cha Kiswahili, na kila inapotolewa nasoma walioorodheshwa ili nijifunze.

Unaweza kuja shuleni kwetu?

Kisumu, Siaya, Vihiga na Kakamega naja kwa nauli tu. Mbali zaidi, mwalimu wenu aandike mapema. Naomba mambo mawili: vijana wakae duara, na mwalimu mkuu asihutubu kabla yangu.

Unaandika nini sasa?

Cha nne. Kinaanzia Nakuru, mtaa wa Kaptembwa. Msichana ni wa lile kundi la kwanza la mtaala mpya, waliofanya mtihani wa Gredi ya 9 mwaka wa 2025 na kuingia Gredi ya 10 Januari 2026. Wakubwa wao wa shule ni wa mfumo mwingine, vitabu vyao vingine, hata majina ya madarasa ni mengine. Hakuna dada wa kumwuliza "ilikuwaje kwako?" kwa sababu hakuna aliyepita. Amepangiwa shule ya bweni upande wa Kisumu, hajawahi kufika, na hamjui mtu.

Nimesafiri njia yake mara tatu kwa matatu, Nakuru hadi Kisumu kupitia Kericho, nikiandika magotini. Mara ya mwisho kiti cha mbele yangu alikaa msichana wa umri huo, sanduku lake limefungwa nyuma ya gari. Kericho alikuwa amefunga sweta mpya ya shule hadi kidevuni, baridi ya majani chai. Gari lilipoteremka hadi Awasi joto likaingia dirishani. Akaivua, akaikunja, akaiweka magotini. Akaikunjua, akatafuta lebo ya jina aliyoshonewa kwenye ukosi, akaigusa kwa kidole, kisha akaikunja tena ili lebo ikae ndani. Sura ya tatu inaanzia hapo, na bado sijaimaliza.